Je, Wajua? Soko Huchunguzwa Kabla ya Zabuni

Je, wajua kuwa kanuni za manunuzi ya serikali ya Marekani hulitaka jeshi lichunguze soko kabla ya kutangaza zabuni? Jeshi likihitaji injini mpya za ndege, kampuni huulizwa mapema: nani ana injini, vifaa vya kuzifunga, vipuri na mafundi wa kuzihudumia?

Chukua mfano wa B-52, ndege ya jeshi hilo ya kudondosha mabomu. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962, na kila moja hubeba injini 8. Septemba 2021, Rolls-Royce ilishinda zabuni ya kuipatia injini mpya aina ya F130. Ndege 76 zinahitaji injini 608, mbali na za akiba. Lengo ni ndege hizo ziendelee kuruka hadi miaka ya 2050.