Pazia Zito na Ukuta wa Jasi

Ubao wa jasi, wenye unene wa milimita 12.5 hivi, ni jasi iliyogandishwa kati ya karatasi mbili. Nyuma yake mna uwazi, na nguzo za mti au bati zilizoachana kwa milimita 400 au 600. Skrubu ikikazwa penye uwazi, meno yake huisaga jasi ikawa unga.

Wengi hudhani uzito wa pazia huvuta kwenda chini tu. Sivyo. Iwapo fimbo na pazia vina kilo 12, kila kimoja cha vishikizo viwili hubeba nyutoni 60 hivi. Fimbo ikiwa sentimita 9 kutoka ukutani, kishikizo huwa wenzo, na egemeo lake ni ncha ya chini ya bamba. Skrubu ya juu, iliyo sentimita 4 kutoka egemeo, huvutwa nje kwa nyutoni 60 mara 9 gawa kwa 4, yaani 135: zaidi ya maradufu ya mzigo, na hapo mtoto hajaning'inia!

Basi zitafutwe nguzo. Sumaku ikipitishwa ukutani hunasa penye vichwa vya skrubu zilizoshika ubao, navyo hufuata mstari wa nguzo. Nguzo zikiwa mbali na dirisha, papi hukazwa toka nguzo hadi nguzo, na vishikizo vikafungwa juu yake. Bolti yenye mabawa yanayofunguka nyuma ya ubao nayo hufaa, kwani hutawanya nguvu.

Bamba refu pia husaidia: skrubu ikiwa sentimita 8 kutoka egemeo, mvuto hushuka hadi nyutoni 67.5.