Homa ya Ndege: Mtoto Akiugua, Mwambie Daktari Kuhusu Kuku

Idd inapokaribia, familia nyingi hufika Biashara Street kununua kanga, vikoi na nguo za watoto. Wengine hurudi nyumbani na kuku hai wa sikukuu. Kuku hufungwa uani, na mtoto ndiye humlisha, humbeba na kucheza naye. Ni desturi yetu, lakini mzazi anafaa kuijua homa ya ndege.

Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoua kuku, bata na ndege wa porini. Ni nadra kumpata binadamu, na anayeupata kwa kawaida amegusa ndege mgonjwa, mzoga au kinyesi. Watoto wamo hatarini kwa sababu hushika kila kitu, kisha hutia mikono mdomoni na machoni.

Mgonjwa wa kwanza wa virusi aina ya H5N1 kujulikana duniani alikuwa mtoto wa miaka 3, Hong Kong, mwaka 1997. Mwaka huo watu 18 waliambukizwa huko na 6 wakafariki. Karibu nasi, Mei 2006, Djibouti ilithibitisha mgonjwa wake: mtoto wa kike wa miaka 2. Januari 2017, homa ya ndege iliua ndege kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka huko.

Dalili ni homa, kikohozi, maumivu ya koo, macho mekundu na baadaye kupumua kwa shida. Hufanana na mafua ya kawaida, hata malaria. Daktari hawezi kujua kwamba kuku walikufa nyumbani usipomwambia. Mtoto akiugua ndani ya siku 10 baada ya kugusa kuku mgonjwa au mfu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na ueleze. Dawa hufanya kazi vyema zaidi ikianzwa ndani ya siku 2.

Nyumbani:

• Watoto wasikaribie kuku akichinjwa au kunyonyolewa.
• Wanawe mikono kwa sabuni kila wanapogusa kuku.
• Pika nyama na mayai hadi yaive kabisa. Yakiiva ni salama.
• Usitupe mzoga jalalani, kunguru na paka wakaufikia.

Kuku wakifa kwa ghafla, huenda ni kideri. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hivyo usiwaguse kwa mikono mitupu wala kuwauza. Mjulishe afisa wa mifugo aliye karibu nawe.