Kuchagua fundi wa kuchomelea vyuma vya zizi

Mfugaji, kibanio kikiachia wakati wa chanjo, dume linaweza kumvunja mtu mbavu au kuvunjika mguu lenyewe. Kwa hiyo usichague fundi kwa bei peke yake.

Kabla ya kupatana
1. Muulize amechomelea geti au kibanio cha nani hapa Kwashemshi au vijiji jirani, kisha nenda ukakione. Cheti cha VETA ni kizuri, lakini kazi iliyosukumwa na ng'ombe mwaka mzima bila kuachia ndiyo shahidi wake.
2. Msikilize. Fundi mzuri huuliza chuma kilivunjikaje, na huondoa kutu na rangi kwanza. Kwenye bomba lenye zinki husaga zinki ya juu, maana moshi wake huleta homa na mshono hubaki na vitundu.
3. Elewaneni kama bei ina vijiti vya kuchomelea, usafiri na mafuta ya jenereta. Bakiza sehemu ya malipo.

Siku ya kazi
Ondoa mifugo, fyeka nyasi kavu na weka maji karibu. Watoto wasitazame mwanga wa kuchomelea.

Kabla ya kumalizia malipo
Fundi agonge ganda lililo juu ya mshono, nawe utazame: usiwe na nyufa wala matundu. Papasa kingo, zisichane ngozi ya mnyama. Sukumeni geti watu wawili au watatu. Mwisho, okoteni vipande vyote vya chuma na waya. Ng'ombe akivimeza, vinaweza kutoboa tumbo na kufika kwenye moyo.