Mpira Ulioshikwa Mkononi: Asili ya Futiboli ya Kimarekani Vyuoni na Suala la Jina Lake kwa Kiswahili

Utangulizi

Msafiri anayeondoka Kisumu akiulizia Luanda hana budi kueleza ni Luanda ipi aitakayo. Iko Luanda ya Vihiga, mji wa soko ulio kando ya barabara kuu iendayo Busia. Na iko Luanda Kotieno ya Uyoma, Kaunti ya Siaya, ambako feri huvuka mlango wa Ghuba ya Winam kwenda Mbita. Kwa Kijaluo, lwanda ni mwamba, na Kotieno ni kwa Otieno. Jina moja lilipodaiwa na mahali pawili, neno la pili liliongezwa ili msafiri asipotee.

Makala haya yanazungumzia mchezo uliopatwa na hali kama hiyo. Waingereza wa karne ya 19 waliita michezo mingi ya mpira kwa jina moja. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wakalichukua jina hilo, wakaubadilisha mchezo wenyewe hatua kwa hatua, na mwishowe wakabaki na jina la mguu juu ya mchezo wa mkono. Mtafsiri wa Kiswahili asiyeijua historia hii huandika "mpira wa miguu wa Kimarekani", naye msomaji hupotea njiani. Suala hili si la mbali nasi. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na klabu ya Indianapolis Colts na kucheza katika ligi kuu ya mchezo huo. Kumweleza Mkenya huyu kwa Kiswahili sanifu kunahitaji istilahi zenye mashiko.

Makala yana madhumuni mawili: kwanza, kueleza jinsi timu za mwanzo za vyuo zilivyouzaa mchezo huu, pili, kupendekeza namna ya kuutaja kwa Kiswahili.

Timu ya Rutgers, 1869

Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza baina ya vyuo vya Marekani ulifanyika tarehe 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick, katika jimbo la New Jersey. Chuo cha Rutgers kilikabiliana na jirani yake, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton. Ili kuupima umri wa tukio hilo kwa kipimo cha nyumbani, tukumbuke kwamba Stanley alikuwa bado hajalizunguka Ziwa Viktoria. Alifanya hivyo mwaka 1875.

Kila upande ulikuwa na wachezaji 25. Wanafunzi wa Rutgers waligawana kazi: wawili walikaa karibu na lango la wapinzani, 11 walilinda sehemu zao za uwanja, na 12 waliufuata mpira popote ulipokwenda. Mpira ulikuwa wa mviringo. Iliruhusiwa kuupiga kwa mguu au kuusukuma kwa mkono, lakini ilikatazwa kuubeba au kuurusha. Rutgers ilishinda kwa mabao 6 kwa 4. Juma moja baadaye timu zilirudiana nyumbani kwa Princeton, na wenyeji wakalipiza kisasi kwa mabao 8 kwa 0.

Ni dhahiri kwamba mtu wa Luanda Kotieno ambaye angeutazama mchezo ule angeutambua kuwa wa ukoo wa kandanda. Hapakuwa na kofia ngumu, wala mpira wenye umbo la yai, wala pasi ya kurushwa. Kanuni zake zilifuata kwa kiasi kikubwa zile za chama cha London kilichoundwa mwaka 1863, chama ambacho ndicho mzazi wa soka tuijuayo.

Harvard yakataa, McGill yaja

Mwaka 1873 wajumbe wa Yale, Columbia, Princeton na Rutgers walikutana New York kuandika kanuni za pamoja zinazokaribia soka. Harvard haikushiriki. Wanafunzi wake walikuwa wameuzoea mchezo wao uliomruhusu mtu kuuokota mpira na kukimbia nao, nao hawakutaka kuuacha.

Uamuzi huo uliiacha Harvard bila mpinzani wa karibu. Kwa hiyo, Mei 1874 ilicheza na Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal, nchini Kanada. Timu hizo zilicheza siku mbili mfululizo: siku ya kwanza kwa kanuni za Harvard, siku ya pili kwa kanuni za raga zilizoletwa na wageni. Harvard ilishinda mchezo wa kwanza, na wa pili ukaisha bila mshindi. Hata hivyo, kilichobaki baada ya wageni kuondoka kilikuwa na uzito kuliko matokeo: wenyeji waliipenda raga. Mwaka uliofuata waliishawishi Yale icheze kwa kanuni zinazokaribiana na hizo, na Novemba 1876 vyuo vikubwa vilikutana Springfield, Massachusetts, vikakubali kanuni zenye msingi wa raga.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Mguu ulipoteza mamlaka, mkono ukatawala, lakini jina halikubadilika.

Walter Camp na sheria za Yale

Mwaka huo wa 1876 Walter Camp alijiunga na Yale. Akiwa mchezaji, kisha mshauri wa timu, aliongoza mabadiliko yaliyoitenga futiboli ya Kimarekani na raga. Katika raga, wachezaji wa pande zote mbili husukumana kuugombea mpira, na hakuna ajuaye kwa hakika utaangukia wapi. Mwaka 1880 Camp alifaulu kuwashawishi wenzake kwamba upande mmoja upewe mpira bila kugombaniwa, timu zikitazamana kwenye mstari wa kuwaziwa. Mpira ulianzishwa kwa kusukumwa nyuma kwa mguu. Aidha, wachezaji walipunguzwa hadi 11 kila upande.

Kanuni hiyo ilizaa tatizo jipya. Timu iliyopewa mpira iliweza kuushikilia bila nia ya kusonga mbele, na mwaka 1881 Yale na Princeton zilifanya hivyo hasa: kila moja iliukumbatia mpira kipindi kizima, watazamaji wakachoshwa. Dawa ilipatikana mwaka 1882. Timu ilitakiwa kusonga yadi 5, yaani takriban mita 4.6, katika zamu 3. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Ili yadi hizo zihesabike, uwanja ulichorwa mistari, ukafanana na wavu wa chuma wa kuchomea nyama.

Gharama ya kanuni pungufu

Kanuni za Camp ziliuleta mpango, lakini hazikuleta usalama. Timu ikidaiwa yadi chache tu, njia rahisi ni kuwarundika wanaume wenye nguvu na kuwasukuma kwa pamoja dhidi ya mtu mmoja. Mwaka 1892 Harvard ilitumia dhidi ya Yale mpangilio wa kabari: wachezaji walikimbia kutoka mbali, wakaungana, wakampasukia adui kama shoka. Vyuo vingine viliiga. Vifaa vya kujikinga vilikuwa duni, na vijana wakavunjika.

Katika msimu wa 1905, wachezaji wasiopungua 18 wa shule, vyuo na klabu walifariki. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo. Columbia iliufuta mchezo chuoni. Stanford na California zikaugeukia mchezo wa raga. Desemba mwaka huo vyuo zaidi ya 60 vilikutana New York, na kutokana na mkutano huo kikaundwa chama ambacho tangu mwaka 1910 kinajulikana kama NCAA.

Kanuni mpya zilitoka mwaka 1906, mwaka uleule wamisionari wa CMS walipoanzisha shule huko Maseno. Pasi ya mbele iliruhusiwa, na yadi zinazodaiwa ziliongezwa kutoka 5 hadi 10. Mantiki yake ni rahisi: yadi 10 hazipatikani kwa kusukumana tu, na mpira unaoweza kurushwa huwalazimisha walinzi watawanyike. Rundo likapungua. Vifo havikukoma mara moja, lakini mchezo ulipata mwelekeo mwingine. Tusisahau, basi, kwamba pasi inayoshangiliwa leo ilizaliwa makaburini.

Suala la istilahi

Turejee kwenye lugha. Kiswahili kina maneno manne ya mchezo wa mguu: kandanda, kabumbu, soka na mpira wa miguu. Kina pia raga. Inafurahisha kutambua kwamba soka na raga yana asili moja: yote mawili yalianza kama misimu ya wanafunzi wa Uingereza, waliopenda kufupisha maneno na kuyapachika kiambishi tamati kimoja. La kwanza lilitokana na neno lenye maana ya "chama", la pili na jina la shule ya Rugby. Misimu ya vijana wa shule imekuwa msamiati sanifu wetu.

Kwa kuwa kandanda na wenzake yamekwisha kufungamana na mguu, si busara kuyapachika sifa ya "Kimarekani" na kutegemea msomaji aelewe. Makala haya yanapendekeza futiboli ya Kimarekani. Utohozi huu unahifadhi historia ya jina bila kudai kwamba mguu ndio unaocheza. Kwa vipengele vya ndani, tunaweza kutumia mstari wa mpambano, pasi ya mbele na zamu. Neno "jaribio" halifai kuchukua nafasi ya zamu, kwa sababu litagongana na dhana ya trai katika raga.

Hitimisho

Historia hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, michezo ya vyuo hukua kwa kanuni zinazoandikwa na kurekebishwa, na uzembe katika kanuni hulipwa kwa miili ya vijana. Vyuo vyetu vyenye timu za raga, kama Nairobi na Mean Machine yake au Kenyatta na Blak Blad yake, vina haki ya kulikumbuka hilo. Pili, mtafsiri asiyetafiti asili ya kitu hutafsiri ganda na kuacha kiini.

Wajaluo wana adhula, mchezo wa fimbo na mpira, na olengo, yaani mieleka. Michezo hiyo nayo inangoja kuelezwa kwa Kiswahili: kanuni zake, vifaa vyake na majina ya wachezaji wake. Wazee wanaoikumbuka wanazidi kupungua. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa ufuoni mwa ziwa, mwenye daftari na muda wa likizo, ndiye afaaye kuianza kazi hiyo. Mali bila daftari huisha bila habari.