Magadi Chunguni: Somo la Chakula kwa Wanafunzi wa Sekondari

Apitaye Moshono, chini ya mlima Meru, huona mahindi, maharage na migomba, na jioni husikia harufu ya makande yakichemka. Leo twataka kuzungumza habari za chungu hicho, kwa maana ndani yake mna somo kubwa la sayansi ya chakula.

Katika nyumba nyingi mama hutia magadi ili maharage yaive upesi na kuni zisiishe. Hakukosea, maana magadi hulegeza harage. Lakini yana madhara mawili yasiyoonekana kwa macho. Kwanza, huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Pili, magadi ya kaskazini ya Tanzania mara nyingi huwa na floridi.

Floridi kidogo huyaimarisha meno; ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Miamba ya Meru ni ya volkano, nayo hutoa floridi katika chemchemi na visima vingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na maji mengi ya pande hizi hupita kipimo hicho. Wala kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki chunguni. Basi atiaye magadi katika maji ya namna hiyo huongeza juu ya yaliyokwisha kuzidi.

Je, mwalimu afundisheje jambo hili? Asiliandike ubaoni tu. Na awape wanafunzi maharage ya aina moja, yaliyopimwa sawasawa, katika vyungu viwili. Ya kwanza yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya pasipo magadi. Ya pili yapikwe kwa magadi bila kulowekwa. Waangalie saa, wapime kuni, watazame rangi ya mchuzi, na kuandika yote. Wataona wenyewe kwamba kuloweka hupunguza muda wa kupika, wala hakugharimu senti. Kisha wajifunze kukinga maji ya mvua, ambayo floridi yake ni haba, na habari za mkaa wa mifupa, uliochunguzwa katika kituo cha Ngurdoto kwa kazi ya kuichuja floridi.

Mwanafunzi wa miaka 15 meno yake ya mbele yamekwisha kuumbika. Kama yana madoa, mswaki hautayaondoa. Lakini nyumbani yuko mdogo wake wa miaka miwili au mitatu, ambaye meno yake ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya ufizi. Kwa ajili ya huyo twasema: usiku huu, kabla ya kulala, mwambie mama kwa adabu, “Mama, niruhusu niloweke maharage ya kesho.”