Funguo za Simu Yako Anazo Nani?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Masumbwe kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake wanazo akina mama watatu wanaokaa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Kila Alhamisi alasiri tunakutana, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, na fedha zinahesabiwa kwa sauti ili hata mwenzetu asiyejua kusoma asikie. Hatukuweka utaratibu huo kwa kuwa tunadhaniana wezi. Tuliuweka ili pasiwe na sababu ya kudhaniana.

Nimeanza na sanduku kwa sababu mwaka 2024 niliingia katika sanduku la namna nyingine, ambalo funguo zake zote alikuwa nazo mtu nisiyemjua. Sanduku hilo lilikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa fedha ya mpunga.

Siku saba

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa. Baba watoto alikuwa machimboni upande wa Nyakafuru, na kwa miezi miwili duara lao lilikuwa halijatoa kitu. Binti yetu alikuwa anaingia kidato cha tatu na alihitaji viatu, sare na madaftari. Kikundini nilikuwa na mkopo ambao sijaumaliza, na kanuni yetu hairuhusu mkopo juu ya mkopo.

Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, niliona tangazo katika simu: mkopo kwa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Chini yake palikuwa na kiungo cha kubonyeza. Nikabonyeza. Programu ikaingia, ikaniuliza maswali kadhaa, na chini ya kila swali palikuwa na neno moja: Ruhusu. Nikaruhusu yote. Sikusoma hata moja. Mama mwenzangu, wewe huwa unasoma?

Niliomba shilingi 50,000. Zilizoingia ni 37,500, nyingine zikiitwa gharama za huduma. Baada ya siku 7 nilitakiwa kurudisha 52,000. Nilipokuja kupiga hesabu kwa utulivu niliona kwamba nilitozwa karibu shilingi 39 kwa kila shilingi 100 niliyopewa, na hiyo ni kwa juma moja tu. Kikundi chetu hutoza shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi mzima, na faida inarudi kwetu wenyewe.

Siku ya saba sikuwa na hiyo fedha. Siku ya nane, asubuhi na mapema, mama mkwe akapiga simu kutoka Ushirombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umekuwa tapeli tangu lini?"

Alikuwa amepokea meseji yenye jina langu na picha yangu, ikisema kwamba nimekula fedha za watu na nimekimbia. Meseji hiyohiyo ilimfikia mwalimu wa darasa wa binti yangu, mnunuzi wangu wa mpunga aliyeko Kahama, mwenyekiti wa kikundi, na hata fundi baiskeli mmoja ambaye nilikwisha kusahau kwamba namba yake ninayo. Majina yote yaliyokuwa katika simu yangu yalikuwa yamechukuliwa usiku ule nilipobonyeza Ruhusu.

Mume wangu aliambiwa na kaka yake. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mama watoto, kwa nini mimi niwe wa mwisho kujua?" Swali lile liliniuma kuliko matusi yote ya zile meseji.

Kosa langu, na lisilo langu

Nilikiri mbele ya mume wangu, na baadaye mbele ya kikundi, kwamba kukopa kwa siri lilikuwa kosa langu. Hilo simtupii mtu mwingine. Lakini mwenyekiti wetu, mama mtu mzima mwenye busara, alisema jambo ambalo lilinipa nguvu. Alisema: "Deni ni lako. Lakini majina yetu hukuyauza wewe. Yameibwa kupitia kwako."

Basi Alhamisi ile, baada ya kuhesabu fedha, tulikaa na kuzungumza juu ya simu. Maoni yalikuwa mengi. Mama mmoja alisema simu za kupangusa zimeleta balaa majumbani, afadhali sote turudi kwenye vitochi. Mwingine, muuza mchele, alikataa kabisa. Alisema tangu apate simu anajua bei ya Kahama kabla dalali hajafika mlangoni, na fedha za wateja zinamfikia bila kulala na noti chini ya godoro. Wa tatu, ambaye huuza chakula machimboni, alileta mfano wa mizani. Alisema mchimbaji mdogo alikuwa akipeleka dhahabu kwa mnunuzi, anaambiwa uzito, na hawezi kubisha kwa kuwa mizani ni ya mnunuzi na imewekwa upande wa mnunuzi. Soko la madini lilipofunguliwa Geita, Machi 2019, shabaha mojawapo ilikuwa dhahabu ipimwe na kuuzwa mahali pa wazi. "Simu nayo ni mizani," akasema. "Tatizo ni kwamba hatuoni upande wa pili."

Wasomaji wa Biblia mtakumbuka kwamba Mithali sura ya 11 inaanza kwa kukemea mizani ya udanganyifu. Mama yule hakuwa mbali na hapo.

Yaliyo ndani ya programu

Binti yangu, ambaye viatu vyake ndivyo vilivyoleta yote haya, ndiye aliyetufafanulia. Alisema kila programu ya simu au kompyuta ni maelekezo yaliyoandikwa na binadamu: fanya hili, kisha lile, na mtu akibonyeza hapa chukua kile. Programu nyingi tunazotumia zimefungwa. Tunaona vitufe na rangi, lakini maelekezo yenyewe hatuwezi kuyasoma, wala fundi wetu hawezi. Zipo programu nyingine ambazo maelekezo yake yako wazi. Anayejua anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kumgawia jirani. Hizo huitwa programu huru.

Wazo hilo lina historia. Karibu na mwaka 1980, mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT. Mashine yao ya kuchapisha ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Mashine ya zamani alikuwa ameirekebisha iwape watu taarifa karatasi inapokwama, lakini mashine mpya ilikuja na programu iliyofungwa. Alipomwomba mwenzake wa chuo kingine maelekezo yake, alinyimwa, kwa kuwa mwenzake huyo alikuwa ameahidi kwa maandishi kutompa mtu. Stallman aliona kwamba ahadi ya namna hiyo inamkataza mtu kumsaidia jirani yake. Septemba 1983 alitangaza kwamba ataanza kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, aliongeza kiini kiitwacho Linux, na juu ya kiini hicho ndipo zilipojengwa simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mikononi.

Hapo mama mmoja akauliza swali zuri: "Kama simu imejengwa juu ya kitu kilicho wazi, mbona wewe umeibiwa?" Jibu ni kwamba msingi wa nyumba ukiwa imara bado unaweza kumkaribisha mwizi kwa mlango wa mbele. Programu ya mkopo niliyoiingiza ilikuwa imefungwa, na mlango niliufungua mimi.

Nasi pia tulinufaika

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu za duka huku maneno yote ya kwenye kompyuta yakiwa katika lugha yetu. Waliweza kwa kuwa maelekezo ya programu hiyo yalikuwa wazi. Hawakuhitaji kungoja kampuni ya mbali iamue kama Waswahili ni wateja wa kutosha.

Liko na jambo la dhamiri hapa, akina mama. Watoto wetu hunakiliana programu za kulipia kwa flashi, na kompyuta nyingi za stesheneri huendeshwa kwa nakala za wizi. Nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na zinamzoesha mtoto kwamba kuiba kusikoonekana si kuiba. Programu huru kama LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, unaruhusiwa kuinakili na kumpa jirani, bila senti na bila dhambi. Mwanao akihitaji kompyuta kwa masomo, mwelekeze huko.

La hasha, sisemi kwamba programu huru ni dawa ya kila ugonjwa. Wengi wetu hatutasoma maelekezo hayo hata yakiwekwa mezani. Lakini hata sanduku letu, si kila mama anajua kupiga hesabu. Inatosha kwamba linafunguliwa hadharani na wanaojua wapo. Mwizi huogopa mahali penye macho mengi.

Sheria inasema nini

Wengi hatujui kwamba tunayo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa isivyo halali. Mwaka huohuo wa 2023, kampuni ya Google ilipiga marufuku programu za mikopo zilizo katika duka lake kuchukua majina na picha za mteja. Ndiyo maana ile ya kwangu ilikuja kwa kiungo cha pembeni. Kisha Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Tangazo hilo lilinikuta nimekwisha kuungua. Lakini wewe unayesoma leo hujachelewa.

Tuliyoyaamua

Kikundi kilinichangia, deni likalipwa, nami nikalirudisha kwa awamu tatu baada ya mavuno. Kisha tukaandika kanuni chache katika daftari letu, nami naziweka hapa ili kila nyumba ichukue inayoifaa:

Usiingize programu kwa kiungo kilichotumwa na mtu usiyemjua, hata kama kimepitia kwa rafiki.

Kabla ya kubonyeza Ruhusu, jiulize kitu hicho kinahitajika kwa kazi gani. Programu ya tochi haina haja ya majina ya ndugu zako, na mkopeshaji hana haja ya picha za watoto wako.

Mara moja kwa mwezi, fungua mipangilio ya simu, angalia kila programu imepewa ruhusa gani, na uondoe zisizo na sababu. Kumbuka tu kwamba kuondoa programu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa.

Kabla ya kukopa kwa simu, uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na upige hesabu ya utakachopokea mkononi, si ulichoomba.

Bonyeza *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji ya utapeli itume kwenda namba 15040.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, deni lolote lijulikane na wawili nyumbani. Mimi na mume wangu sasa tunakaa kila mwisho wa mwezi na daftari moja. Siku nyingine ni yeye anayekiri.

Pasaka iliyofuata mama mkwe alikuja kututembelea. Tangu ile simu ya Januari tulikuwa tukisalimiana kwa ufupi. Baada ya chakula alinifuata jikoni, akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akatoa simu ya kupangusa ambayo shemeji alikuwa amemnunulia. Akainyosha kwangu.

"Haya, mwanangu," akasema, "nionyeshe pa kukataa."

Tukavuta vigoda, tukakaa, tukaanza na ya kwanza.