Kifo cha Pili cha Nyota: Mlipuko wa Vibete Vyeupe

Binadamu hufa mara moja. Nyota yaweza kufa mara mbili. Nyota ya kiasi cha Jua inapomaliza kuni zake, tabaka zake za nje hupeperuka, kikabaki kiini cha kaboni na oksijeni. Kiini hicho, kiitwacho kibete cheupe, hukaribia Dunia kwa ukubwa na Jua kwa uzito. Hupoa polepole mithili ya kaa la moto lililotolewa mekoni. Je, kaa hilo hulipukaje?

Nyota ya kawaida hushikiliwa na joto lake. Kibete, kwa upande wake, hushikiliwa na elektroni zilizosongamana, ambazo hukataa kubanwa zaidi hata pasipo joto. Kuanzia mwaka wa 1930, Subrahmanyan Chandrasekhar wa India alionyesha kwamba nguvu hiyo ina kikomo, nacho hukadiriwa kuwa mara 1.4 ya uzito wa Jua.

Kibete kilicho peke yake hakifikii kikomo hicho. Penye nyota pacha mambo hubadilika. Kwa mujibu wa maelezo ya kwanza, kibete hufyonza gesi ya mwenzake hadi kikaribie kikomo. Maelezo ya pili hushikilia kuwa vibete viwili huzungukana, vikakaribiana na hatimaye kugongana. Kwa vyovyote vile, kaboni huwaka. Sufuria ikichemka, mvuke huinua kifuniko na shinikizo hupungua. Kibete hakina afueni hiyo: joto huzidi bila kukitanua, moto huzaa moto, na kwa sekunde chache nyota nzima husambaratika. Hiyo ndiyo supanova ya aina ya Ia.

Suala hili lina uzito mkubwa. Kwa kuwa mwangaza wa supanova hizi hukaribiana, wanaastronomia huzitumia kupimia umbali. Kwazo, mwaka wa 1998, iligunduliwa kuwa ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, ugunduzi uliotuzwa Nobel mwaka wa 2011. Mwaka uo huo ilionekana supanova SN 2011fe, umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Picha za awali za darubini ya Hubble hazikuonyesha nyota jitu jekundu mahali hapo. Basi, mwenza wa aina hiyo akakosa ushahidi. Iwapo njia hizo mbili huzaa mwangaza usiolingana, vipimo vya ulimwengu havina budi kusahihishwa. Apimaye shamba sharti kwanza aijue kamba yake.